Takwimu za mauzo ya nje Afrika: Kinachohesabiwa mpakani na kinachobaki nje ya daftari

MWAKA 2024 Kenya iliuza katika nchi za nje zaidi ya kilo milioni 594 za majani chai, kutoka takriban kilo milioni 523 mwaka uliotangulia. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 14. Mapato yaliyotokana na shehena hizo, hata hivyo, yalipanda kwa chini ya asilimia moja, yakafikia takriban Sh181 bilioni.

Takwimu hizo mbili zilitolewa na Bodi ya Majani Chai ya Kenya, na zote ni sahihi. Anayesoma ya kwanza pekee ataamini kwamba ulikuwa mwaka wa neema. Anayegawanya mapato kwa idadi ya kilo atagundua kwamba kila kilo iliyovuka bahari iliingiza takriban Sh306, ilhali mwaka 2023 ilikuwa imeingiza Sh345.

Tofauti hiyo ya Sh39 ina uzito mkubwa katika Kaunti ya Bomet, ambayo pamoja na jirani yake Kericho ni miongoni mwa vitovu vya zao hilo nchini. Ina uzito hata katika wadi ya Chebunyo, eneobunge la Chepalungu, ambako majani chai hayastawi kama yanavyostawi katika nyanda za juu za Konoin na Bomet Mashariki. Chebunyo iko upande wa kaunti unaoelekea Narok. Mvua ni haba kiasi, na wenyeji hutegemea zaidi ng'ombe wa maziwa, mifugo ya nyama na mahindi. Mtu aliyeko huko anaishi ndani ya kaunti inayotajwa katika kila ripoti ya biashara ya nje ya Kenya, ila mali yake mwenyewe haionekani kamwe katika ripoti hizo.

Ili kufahamu ni kwa nini, ni muhimu kujua takwimu za mauzo ya nje huzaliwa wapi.

Daftari la forodha

Katika karibu mataifa yote ya Afrika, chanzo kikuu cha takwimu hizi ni hati ya forodha. Hazikusanywi shambani wala kiwandani, wala katika akaunti za benki. Mfanyabiashara anaposafirisha shehena, wakala wake hujaza fomu inayotaja aina ya bidhaa, uzito, thamani, nchi ilikotoka na nchi inakokwenda. Nchini Kenya fomu hizo hupokewa na Mamlaka ya Ushuru (KRA), ambayo mwaka 2005 iliacha kutegemea makaratasi na kuanza kutumia mfumo wa kompyuta uliopewa jina Simba. Mfumo huo nao baadaye ulirithiwa na mwingine mpya. Mataifa mengine mengi barani hutumia programu ya ASYCUDA iliyobuniwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Biashara na Maendeleo (UNCTAD).

Kutoka forodhani data hupelekwa kwa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), ambalo huichapisha kila mwezi na kila robo ya mwaka, na kuikamilisha katika ripoti yake ya kila mwaka kuhusu hali ya uchumi. Nakala hutumwa kwa Umoja wa Mataifa na kuhifadhiwa katika hazina ya takwimu za biashara iitwayo Comtrade. Majedwali makubwa yanayolinganisha Nigeria na Afrika Kusini, au Misri na Ivory Coast, hutokana na mkusanyiko huo. Ubora wa jedwali la bara zima kwa hivyo hauwezi kuzidi uaminifu wa fomu zilizojazwa Mombasa, Lagos, Durban, Matadi na katika vituo vya mpakani ambako umeme hupotea mara kwa mara.

Thamani inayoandikwa ni ile ya bidhaa ikiwa imeshapakiwa melini, kabla ya nauli na bima ya safari. Nchi inayoagiza, kinyume chake, kwa kawaida huandika thamani ikiwa pamoja na nauli na bima hadi bandari ya kushukia. Kutokana na kanuni hiyo, shehena moja ya majani chai huonekana kuwa ghali zaidi katika vitabu vya Karachi kuliko katika vitabu vya Mombasa, hata pasipo udanganyifu wa aina yoyote. Tena, shehena iliyopakiwa mwishoni mwa Desemba huhesabiwa na muuzaji katika mwaka mmoja na na mnunuzi katika mwaka unaofuata. Wachunguzi wanapolinganisha vitabu vya pande mbili ili kusaka ulaghai, hulazimika kwanza kuondoa tofauti hizo za halali.

Kila bidhaa hupewa tarakimu maalumu kwa mujibu wa mfumo wa Shirika la Forodha Duniani ulioanza kutumika mwaka 1988. Sura ya tisa ya mfumo huo ni ya kahawa, chai na viungo. Kahawa ni 0901, majani chai ni 0902. Maua yaliyokatwa, ambayo Kenya huyauza kwa wingi Ulaya, ni 0603.

Tarakimu hizi zinachosha kuzisoma, lakini ndani yake mna habari ambayo hotuba nyingi za kisiasa huipitia juu juu. Chini ya 0902, chai nyeusi iliyopakiwa katika pakiti zisizozidi kilo tatu huandikwa 0902.30. Chai nyeusi iliyo katika vifurushi vikubwa kuliko hivyo huandikwa 0902.40. Ya kwanza ni ile inayoweza kuwekwa moja kwa moja kwenye rafu ya duka. Ya pili ni malighafi, husafirishwa katika mifuko mikubwa ya karatasi ili ikachanganywe, ipakiwe na kupewa jina la kibiashara kwingineko. Sehemu kubwa mno ya chai ya Kenya huondoka nchini chini ya tarakimu ya pili. Mjadala mzima kuhusu kuongeza thamani ya mazao, uliodumu tangu enzi za serikali kadhaa zilizopita, unaweza kufuatiliwa mwaka baada ya mwaka kwa kutazama iwapo bidhaa zinahama kutoka 40 kwenda 30.

Ghala la Mombasa

Kilimo cha majani chai nchini kilianza kwa majaribio Limuru mwaka 1903, na mashamba makubwa ya Kericho yakaanzishwa kuanzia miaka ya 1920 na kampuni za Uingereza, zikiwemo Brooke Bond na James Finlay. Wakulima wadogo waliingia kwa nguvu baada ya uhuru, hasa baada ya kubuniwa mwaka 1964 kwa mamlaka ya serikali ya kustawisha zao hilo, ambayo mwaka 2000 iligeuzwa kuwa kampuni ya KTDA inayomilikiwa na wakulima wenyewe kupitia viwanda vyao. Katika Bomet viwanda hivyo ni pamoja na Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek.

Mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulianzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamishiwa Mombasa mwaka 1969. Tangu mwaka 1992 mauzo yake hufanywa kwa dola za Marekani. Baada ya mnada wa London kufungwa mwezi Juni 1998, mnada wa Mombasa ulizidi kuwa kielelezo cha bei ya chai nyeusi duniani. Mbali na chai ya Kenya, huuzwa pia ya Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Malawi na mataifa mengine ya ukanda huu. Chai ya Rwanda inayopitia Mombasa bila kuguswa hubaki kuwa mauzo ya Rwanda katika takwimu. Ikichanganywa na ya Kenya katika ghala la Shimanzi ndipo swali la asili yake linapokuwa gumu.

Katika mnada huo ndiko jibu la kitendawili cha mwaka 2024 linakopatikana. Mwezi Julai 2021, kufuatia mageuzi yaliyonuia kuwakinga wakulima dhidi ya kuanguka kwa bei, iliwekwa bei ya chini kabisa ya dola 2.43 kwa kila kilo ya chai ya viwanda vya KTDA. Wanunuzi walioiona kuwa ghali walijiondoa polepole, hususan kwa chai ya magharibi mwa Bonde la Ufa, na mifuko ikarundikana maghalani. Mwaka 2024 sharti hilo liliondolewa.

Anayesoma takwimu za uzalishaji sambamba na za mauzo ya nje atauona mrundiko huo bila kuambiwa. Mwaka 2023 Kenya ilizalisha takriban kilo milioni 570 na kuuza nje milioni 523; ukijumlisha kilo milioni 40 hivi zinazonyweka humu nchini, hesabu inakaribiana. Mwaka 2024 ilizalisha takriban milioni 598 na kuuza nje milioni 594. Wakenya hawakuacha kunywa chai mwaka huo. Ina maana kwamba sehemu ya kilo zilizosafirishwa zilikuwa zimechumwa na kukaushwa kabla ya mwaka huo kuanza. Ongezeko la asilimia 14 kwa hivyo lilitokana kwa kiasi na ghala kufunguliwa, wala si na mavuno mapya pekee, na chai iliyokaa haiwezi kudai bei ya chai mbichi kutoka kiwandani.

Sababu nyingine ilikuwa shilingi. Mwezi Januari 2024 dola moja ilikuwa imepita Sh160. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh130. Kwa mama mboga na kwa serikali yenye madeni ya dola, hiyo ilikuwa habari njema. Kwa mkulima ambaye chai yake huuzwa kwa dola na yeye kulipwa kwa shilingi, ilikuwa ni kupunguziwa malipo bila mtu yeyote kutangaza kuwa amepunguza.

Kilo moja ya chai iliyokaushwa huhitaji takriban kilo nne na nusu za majani mabichi. Zile Sh306 zikigawanywa hivyo zinakuwa Sh68 kwa kila kilo anayoibeba mchumaji hadi kituo cha kununulia. Kutoka humo hukatwa kuni, umeme na mishahara ya kiwanda, lori la kwenda Mombasa, ada ya ghala, ya dalali na ya usimamizi. Kinachosalia ndicho malipo ya kila mwezi na bonasi ya mwisho wa mwaka wa kifedha.

Na huo ni wastani wa nchi nzima. Mwaka 2025 wakulima wa Kericho, Bomet na maeneo jirani walighadhabishwa na bonasi iliyokuwa chini sana kuliko ya wenzao wa eneo la Mlima Kenya, ambao chai yao hupata bei ya juu mnadani. Jedwali la mauzo ya nje halina safu ya mashariki na magharibi ya Bonde la Ufa. Linasema Kenya, basi.

Halina pia safu ya mmiliki. Mashamba ya James Finlay katika eneo la Kericho na Bomet yaliuzwa kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka mwaka 2023, na mwaka uliofuata Browns ikakubaliana pia kununua mashamba ya Lipton, yaliyokuwa ya Unilever hapo awali. Kilo zinazotoka katika mashamba hayo huhesabiwa kuwa mauzo ya Kenya sawasawa na zile za kiwanda cha wakulima cha Kapkoros. Faida inayopelekwa kwa wenyehisa ng'ambo huandikwa katika kitabu kingine kabisa, cha urari wa malipo, ambacho wasomaji wachache hukifungua.

Nchi isiyoona shehena

Pakistan hununua zaidi ya thuluthi moja ya majani chai ya Kenya. Hiyo ni takwimu ya kuaminika kwa kuwa Wapakistani kweli huinywa. Takwimu za Muungano wa Falme za Kiarabu zinahitaji uangalifu zaidi. Dubai ilianzisha kituo cha chai mwaka 2005, na shehena nyingi zinazotua huko huchanganywa, hupakiwa upya na kuuzwa kwingine. Mombasa huandika Dubai kwa sababu ndiyo safari ya mwisho inayojulikana wakati meli inang'oa nanga.

Mfano uliokithiri zaidi uko Zambia. Kwa miaka mingi vitabu vya nchi hiyo vimeonyesha kuwa Uswisi ni mnunuzi mkuu wa shaba yake. Uswisi haina haja na shaba yote hiyo. Kampuni zinazofanya biashara ya madini zina ofisi zake huko, ankara hutumwa huko, ilhali chuma chenyewe husafiri kupitia Dar es Salaam na Durban na sehemu kubwa yake huishia katika viwanda vya China na kwingineko Asia. Mtu anayetaka kujua utegemezi wa Zambia kwa soko la China hatausoma katika safu ya China pekee.

Dhahabu ni suala zito zaidi. Katika miaka kadhaa tangu mwishoni mwa muongo wa 2010, Uganda imepata fedha nyingi kutokana na mauzo ya dhahabu kuliko kahawa, zao lililoijengea jina. Uchimbaji wake wa ndani haulingani na kiasi hicho. Sehemu kubwa ni dhahabu iliyoletwa kutoka nchi jirani, ikasafishwa Entebbe na kusafirishwa tena. Uchunguzi wa shirika la habari la Reuters uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha vitabu vya pande mbili na kubaini kwamba mwaka 2016 Falme za Kiarabu ziliandikisha dhahabu ya dola bilioni 15.1 kutoka Afrika, kiasi kikubwa kuliko kile ambacho mataifa ya Afrika yenyewe yalisema yameziuzia. Nauli na bima haziwezi kueleza pengo kama hilo. Dhahabu hubebwa mkobani, na nauli yake si chochote ikilinganishwa na thamani yake. Kila gramu isiyoandikwa mpakani ni mrabaha ambao serikali ya nchi ya uchimbaji haikuupata.

Mambo haya hayakuanza juzi. Wazee wa Pemba wanafahamu miaka ambayo Shirika la Biashara la Zanzibar, likiwa mnunuzi pekee, lilitoa bei ya chini kwa karafuu, na magunia yakavushwa usiku kwa majahazi hadi pwani ya Kenya. Karafuu hizo zikasafiri duniani kama mali ya nchi ambayo takriban haina mikarafuu. Kakao ya Ghana imekuwa ikivuka kwenda Ivory Coast au Togo kila bei inapotofautiana. Petroli ya Nigeria iliyopunguzwa bei kwa ruzuku iliuzwa barabarani nchini Benin kwa miongo kadhaa hadi ruzuku hiyo ilipoondolewa mwezi Mei 2023.

Baiskeli na ng'ombe

Kwa kipimo cha kawaida, biashara baina ya mataifa ya Afrika ni takriban asilimia 15 tu ya biashara yote ya bara hili. Takwimu hiyo hutajwa katika kila kongamano, kwa kawaida kwa sauti ya masikitiko, ikilinganishwa na ya Ulaya au Asia iliyo maradufu kadhaa. Ni takwimu ya kweli kuhusu fomu zilizojazwa. Mwanamke anayevusha gunia la maharagwe kwa baiskeli pale Busia, au mfugaji anayeswaga ng'ombe kuvuka mpaka usio na ua, hajazi fomu.

Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kukiri jambo hilo kitakwimu. Tangu katikati ya miaka ya 2000 ofisi yake ya takwimu, ikishirikiana na benki kuu, imekuwa ikiweka watu katika vituo vya mpakani kuhesabu kinachopita kichwani, mkokotenini na kwenye baiskeli kwa siku zilizochaguliwa, kisha kukadiria mwezi mzima. Matokeo yameonyesha biashara ya mamia ya mamilioni ya dola kwa mwaka. Nchi nyingi bado hazifanyi hivyo kwa ukawaida, na hapo ulinganisho wa nchi na nchi huanza kuyumba: anayehesabu baiskeli huonekana kuwa na ujirani mwema kuliko asiyehesabu.

Hapa ndipo Chebunyo inapoingia katika jedwali, ingawa kwa mlango wa nyuma. Maziwa ya Chepalungu hunywewa humu humu nchini, na Kenya huuza nje sehemu ndogo mno ya maziwa yake. Uganda, kinyume chake, imejenga viwanda vinavyokausha maziwa kuwa unga kwa ajili ya soko la nje, na Kenya imekuwa mteja wake mkuu. Mapema mwaka 2020 maafisa wa Kenya walinasa shehena za maziwa ya Uganda, hatua iliyozua mzozo wa kidiplomasia baina ya nchi mbili zilizo katika umoja wa forodha tangu mwaka 2005. Mwezi Machi 2023 Kenya ilisimamisha uagizaji wa maziwa ya unga ikisema mvua ingeleta maziwa tele na kuangusha bei ya wakulima.

Mfugaji wa Chebunyo anayesubiri bei ya lita ipande, kwa hivyo, anasubiri kwa kiasi fulani takwimu za mauzo ya nje za nchi nyingine. Mauzo yake mwenyewe ni sufuri katika daftari la forodha. Mauzo ya mshindani wake aliyeko Mbarara yameandikwa hadi senti ya mwisho, na hutumiwa Kampala kama ushahidi wa ufanisi na Nairobi kama ushahidi wa tishio.

Bara katika mizani

Afrika ina karibu asilimia 18 ya watu duniani na takriban asilimia 3 ya biashara ya bidhaa. Afrika Kusini huongoza kwa mauzo, na ndiyo yenye mchanganyiko mpana zaidi: platinamu, dhahabu, makaa ya mawe, chuma, matunda na magari. Nigeria na Angola hutegemea mafuta, Zambia shaba, Botswana almasi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo shaba na kobalti. Moroko imefaulu kuuza magari sambamba na fosfati. UNCTAD huihesabu nchi kuwa tegemezi wa malighafi iwapo zaidi ya asilimia 60 ya mapato yake ya mauzo ya bidhaa nje yanatokana na mazao ghafi, madini au mafuta, na mataifa mengi ya Afrika yamo katika kundi hilo.

Orodha za nani wa kwanza na nani wa pili hupendwa na magazeti, yakiwemo ya Kiswahili, lakini hubadilika kwa sababu zisizohusiana na jasho la mtu yeyote. Pipa la mafuta likishuka bei, Angola hushuka daraja hata kama imechimba mapipa yale yale. Uwiano wa mauzo ya nje na pato la taifa huyumba hata zaidi. Mwezi Aprili 2014 Nigeria ilifanyia marekebisho hesabu ya uchumi wake, ukaongezeka kwa karibu asilimia 89 na kuupita wa Afrika Kusini. Usiku huo mauzo yake ya nje yalikuwa sehemu ndogo zaidi ya uchumi kuliko asubuhi yake, na hakuna meli iliyokuwa imesimama. Kenya ilifanya zoezi kama hilo mwezi Septemba mwaka huo huo na uchumi wake ukaongezeka kwa robo.

Mwaka 2023 mauzo ya nje ya Kenya yalivuka Sh1 trilioni kwa mara ya kwanza, huku uagizaji ukiwa takriban Sh2.6 trilioni. Majani chai yalichangia karibu moja ya tano ya bidhaa zilizozalishwa nchini na kuuzwa nje. Uganda ndiyo mteja mkuu wa Kenya barani, hali ambayo watu waliozoea kuitazama Ulaya huisahau.

Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika ulitiwa saini Kigali mwezi Machi 2018, ukaanza kuwa na nguvu za kisheria mwezi Mei 2019, na biashara chini yake ikafunguliwa rasmi Januari 1, 2021. Kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu hakukuwa na mengi ya kuhesabu. Ndipo mwaka 2022 nchi chache, Kenya ikiwemo, zilipoanza usafirishaji wa majaribio. Miongoni mwa shehena za kwanza za Kenya zilikuwa betri za magari na majani chai zilizoelekea Ghana. Ili kupata punguzo la ushuru, bidhaa lazima iwe na cheti cha asili. Cheti hicho ni chanzo kipya cha takwimu, kwani sasa inawezekana kutenganisha biashara iliyotokana na mkataba na ile ambayo ingefanyika hata bila mkataba. Majedwali mengi yanayotangaza ukuaji wa biashara ya ndani ya bara hayafanyi utenganisho huo.

Kinachopita karibu na Chebunyo

Takwimu zilizojadiliwa hapa ni za bidhaa. Huduma huhesabiwa kando na kwa ubora hafifu zaidi, kwa sababu huduma haipiti forodhani. Mtalii anayelala katika hoteli ya Maasai Mara, kaunti jirani ya Narok, ni mauzo ya nje ya Kenya sawa na mfuko wa chai: fedha za kigeni zimeingia kwa kitu kilichotolewa hapa. Makadirio ya matumizi yake hutokana na dodoso katika viwanja vya ndege na rekodi za hoteli. Maziwa ya Chepalungu yakiishia katika kikombe cha mtalii huyo, yatakuwa yameuzwa nje bila kuvuka mpaka, na hakuna jedwali litakaloyaonyesha.

Fedha zinazotumwa nyumbani na Wakenya walio ng'ambo si mauzo ya nje kabisa kwa mujibu wa kanuni za kimataifa, ingawa mwaka 2024 zilifikia takriban dola bilioni 4.9, mara kadhaa ya thamani ya majani chai yote yaliyosafirishwa. Muuguzi aliyesomeshwa kwa bonasi ya chai na sasa anafanya kazi London haandikwi katika 0902 wala katika tarakimu nyingine yoyote.

Tangu mwaka 2019 KNBS imekuwa ikichapisha pato la kila kaunti, ambalo hugawanya uchumi wa Bomet katika kilimo, viwanda, ujenzi, usafiri na shughuli nyinginezo. Takwimu hizo hutumika katika mijadala ya ugavi wa fedha baina ya kaunti. Jedwali lake lina safu nyingi. Ya mauzo ya nje haimo, kwa kuwa hati ya forodha inayojazwa Mombasa hutaka jina la nchi asilia ya bidhaa, na haina nafasi ya jina la kaunti.